Amplifaya ya monita: mimi nanunua wati ya kwanza

Vijana wanaofungua studio nyumbani huku Jinja, Uganda, hunitumia picha ya amplifaya kabla hawajalipa, na picha karibu zote zinafanana. Chuma cheusi kizito, feni mbili mgongoni, na karatasi imebandikwa mbele: wati 3000. Hizo ni mashine za harusi na mikutano ya injili. Uwanjani, penye watu mia tano na upepo wa ziwa, ndizo ninazoziomba mwenyewe. Ila kijana anataka kuiweka chini ya meza, imsukumie monita, yaani spika mbili za kusikilizia kazi ya studio, zilizo umbali wa mkono kutoka masikioni mwake, ndani ya chumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa mlango. Kwa kazi hiyo ninamwambia hapana, na hapa nataka kueleza sababu zote kwa utulivu, kwa sababu kwenye simu huwa hazitoshi.

Mimi naishi Walukuba, kwenye zile nyumba za zamani zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Watu walikuja hapa kutoka kila upande, ndiyo maana Kiswahili hakijawahi kuwa kigeni mtaani kwetu. Chumba changu cha nyuma ndicho studio. Narekodi kwaya, vikundi vya kaswida, matangazo ya redio, na wakati mwingine mpiga gitaa mmoja aliyeleta nyimbo za Kisoga ambazo sijazisikia kwa mtu mwingine yeyote. Spika zangu ni Yamaha NS-10M Studio, zenye wufa (spika ya sauti nzito) nyeupe za karatasi, zilizotoka kwenye studio moja ya Nairobi ilipofungwa. Yamaha ilizitoa NS-10 mwaka 1978 kama spika za sebuleni, mafundi wa studio ndio waliozipenda, na mwaka 2001 kampuni ikaacha kuzitengeneza. Kumbukeni huo mwaka 2001. Wufa au twita (ile ndogo ya sauti nyembamba) ikiungua leo, natafuta kifaa ambacho kiwanda kiliacha kukitoa zamani. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa amplifaya yoyote ni kama itanilindia spika. Ukubwa wa mlio nauuliza mwisho.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomaliza ubishi wa wati. NS-10 ukizipa wati moja tu, umbali wa mita moja zinatoa desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Hiyo ni sauti ya kumfanya mtu apaze sauti ukizungumza naye. Mimi nikimiksi nakaa kwenye desibeli 80 hivi, kwa sababu nikizidisha, masikio yanachoka kabla ya saa sita mchana na ninaanza kuongeza treble isiyohitajika. Desibeli 80 ni kumi chini ya 90, na kila desibeli kumi ni nguvu mara kumi. Maana yake, muda mwingi wa siku kila spika yangu inakula sehemu moja ya kumi ya wati. Ngoma ikipigwa, kilele chake kinaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani, yaani mara mia. Hapo tumefika wati 10. Mteja akija akitaka kusikia wimbo wake kwa nguvu, tuseme desibeli 90, wastani unakuwa wati moja, na amplifaya ya wati 75 bado ina karibu desibeli 19 za nafasi juu ya hapo. Muziki uliokwisha kumiksiwa hauhitaji zaidi.

Sasa ongeza wati maradufu, kutoka 75 hadi 150. Umepata desibeli 3, tofauti ambayo mteja wako ataiona ukimwonyesha, asipoonyeshwa ataipita. Ukitaka sikio lisikie kama sauti imekuwa mara mbili, unahitaji desibeli kama 10, yaani wati 750. NS-10M Studio zenyewe zimeandikwa wati 60 kwa muziki wa kawaida na 120 kwa kilele. Zilizobaki zote zitaishia kwenye koili, ule waya ulioviringwa ndani ya spika, na koili hugeuza nguvu hiyo kuwa joto.

Kwa hiyo ile wati ya kwanza ndiyo unayoisikiliza kutwa nzima. Mkia wa mwangwi wa muimbaji uko humo, na kidole kinachoteleza kwenye waya wa gitaa kiko humo, na pumzi ya mwimba solo kabla ya ubeti nayo imo humo humo. Amplifaya ambayo sehemu yake ya chini ni chafu itakuficha vitu hivi hata kama juu ina nguvu za kubomoa ukuta. Amplifaya yenye nguvu nyingi pia huja na mvumo wake. Kiwanda kikikuandikia kwamba mvumo uko desibeli 90 chini ya nguvu kamili, uliza nguvu kamili ni ngapi. Kwenye mashine ya wati 500, ikiwa na spika kama zangu, mvumo huo unafika desibeli 27 kwa umbali wa mita moja. Usiku, Walukuba ikiwa imelala, unausikia. Mashine ya wati 50 yenye namba ile ile inabaki desibeli 17, na hapo umepotea kabisa. Bado sijataja feni. Feni ya amplifaya ya uwanjani ndani ya chumba kimoja na maikrofoni inaingia kwenye kila rekodi, na hakuna programu inayoiondoa bila kuondoa na kitu kingine cha muimbaji.

Ndiyo maana niliyo nayo ni Alesis RA-100, amplifaya ya miaka ya 1990. Haina feni, inajipooza kwa mapezi ya alumini, na inatoa wati 75 kila upande kwa spika za omu 8 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme). Ilinigharimu chini ya bei ya ile ya wati 3000 kwenye karatasi. Dukani muuzaji alijaribu kunirudisha kwenye kubwa. "Sebo, hii ndogo itakuaibisha mbele ya wateja," akasema, na alisema kwa nia njema, kwa sababu wateja wake wengi ni watu wa sherehe. Nikamwomba nipeleke kwa fundi kwanza, akakubali nikiacha kitambulisho.

Huyo fundi ni mzee mwenye kibanda kidogo mjini, amekuwa akitengeneza redio tangu kabla sijazaliwa. Nataka kuandika alivyoipima, hatua kwa hatua, kwa kuwa mtu yeyote anayenunua amplifaya iliyotumika anaweza kuomba afanyiwe hivi hivi.

Kwanza aliigeuza akasoma mgongo. Mitumba ya vyombo vya muziki inaletwa kutoka kila mahali: iliyotoka Japani imeandikwa volti 100, ya Marekani 120, na sisi hapa tuna 240. Ukichomeka ya volti 100 kwenye soketi yetu, mchana huo huo umeinunua na kuiua. Yangu ilikuwa imeandikwa 230, sawa. Halafu akafungua kifuniko kwa bisibisi, akapuliza vumbi kwa brashi kavu, akatazama kwa tochi kapasita kubwa mbili za pawa, yale makopo yanayohifadhi umeme. Vichwa vyake vilikuwa bapa. Kapasita iliyovimba juu au iliyovuja ute chini inasema umri wake umekwisha. Pembeni ya meza yake palikuwa na amplifaya nyingine ya mtu, na ndani yake mjusi aliyekauka, amelala juu ya ncha mbili za umeme zilizomuua yeye na mashine pamoja. Huku kwetu mijusi hupenda joto la transfoma, na wadudu wa ziwani hufuata mwanga, mijusi ikafuata wadudu. Mashine yenye matundu makubwa ya feni inawakaribisha wote. Niliporudi nyumbani niliweka wavu mwembamba wa dirishani nyuma ya rafu yangu, mbali kidogo na mapezi ili hewa ipite.

Kisha mzee akatoa ile balbu yake. Ni balbu ya zamani ya waya, wati 100, ameiunganisha kwa mfuatano na soketi, ili umeme upite kwanza kwenye balbu ndipo ufike kwenye amplifaya. Akawasha. Balbu ikang'aa mara moja, ikafifia mpaka ikabaki nyekundu hafifu. Kama kungekuwa na shoti ndani, balbu ingebaki inawaka kwa nguvu, na amplifaya ingekuwa salama kwa sababu balbu ndiyo iliyobeba mzigo. Aliporidhika akaichomeka moja kwa moja kwenye soketi.

Bado hakuunganisha spika. Alichukua multimita, akaiweka kwenye volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), akagusa ncha za kutokea spika, bila wimbo wowote kuingia. Kushoto milivolti 12, kulia 8. Hiki ndicho kipimo ninachokililia kila mtu akifanye. Amplifaya isiyo na hitilafu haipaswi kutoa umeme wa DC kwenye spika. Milivolti chache hazina neno, ikifika 50 naanza kuuliza, ikipita 100 siitaki bila matengenezo. Transista ya kutokea (ile inayosukuma umeme kwenda kwenye spika) ikifa, mara nyingi volti zote za ndani, makumi yake, zinakwenda moja kwa moja kwenye koili ya wufa na koni inasukumwa upande mmoja ikabaki hapo inaungua. Kwa spika zilizoacha kutengenezwa mwaka 2001, hilo ni jambo la sekunde chache ambalo huwezi kulirudisha.

Mwisho akaunganisha spika moja ya kibanda chake, akafungua nobu hadi mwisho bila kuingiza sauti yoyote.

"Weka sikio hapo kwenye twita, mwanangu."

Nikainama mpaka shavu likagusa kitambaa. "Mzee, sisikii kitu."

"Haya, rudisha nobu polepole."

Nikazungusha. Upande wa kulia ukakwaruza. Akapulizia dawa ya kusafishia ndani ya nobu, akaizungusha mara nyingi kulia na kushoto, ukwaruzaji ukaisha. Tukaiacha inacheza taarabu kutoka kwenye simu yake huku tukinywa chai, na baada ya muda akaweka kiganja kwenye mapezi ya upande mmoja kisha mwingine. Joto lilikuwa sawa pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa wa moto zaidi wakati muziki ni ule ule, kuna kitu kimehama ndani.

Sasa umeme wetu. Tunaishi jirani kabisa na bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, lakini volti zinazofika kwenye soketi ya chumba changu jioni, pasi na majiko yakiwashwa mtaa mzima, si 240. Nimewahi kuona 180. Amplifaya yenye transfoma ya kawaida inashuka pamoja na umeme, na nguvu hushuka kwa mraba wa volti. Kwa 180, wati zangu 75 zinakuwa kama 42. Ukirudi kwenye hesabu ya juu, utaona nimepoteza desibeli 2 na nusu za kilele ambacho sikukihitaji. Kazi inaendelea. Kinachoua amplifaya ni kurudi kwa umeme baada ya kukatika, pale unaporuka juu ghafla kisha ukatulia. Mimi natumia kile kifaa cha kukingia friji, kinachokata volti zikizidi au zikipungua sana na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu tena. Ni rahisi, kipo kila duka la vifaa vya umeme. Stebilaiza inasaidia pia, ila zile za rilei hulia "tak" katikati ya rekodi na mwanga hucheza, kwa hiyo wakati wa kurekodi sauti naizima. Wenye sola wachague inveta ya mawimbi safi. Ile ya bei nafuu yenye mawimbi ya ngazi hufanya transfoma inung'unike, na mnung'uniko huo unaingia kwenye spika.

Hapa ndipo wenye amplifaya za Daraja D, zinazowasha na kuzima umeme kwa kasi sana badala ya kuuongoza taratibu, wana hoja nzito, na sitaipuuza. Vile vidude vidogo vinavyojaa kiganjani, vyenye chipu ya TPA3255 ya Texas Instruments, vinapeleka karibu umeme wote kwenye spika, havipati joto sana, na pawa yake ikiwa ya kubadili ("switching") inayokubali volti 100 hadi 240, kushuka kwa jioni haikujui kabisa. Kwa fedha kidogo vinatoa sauti safi kuliko amplifaya nyingi kubwa za zamani. Mdogo wangu anayefanya podikasti anatumia kimoja na nilikibariki mwenyewe. Sababu inayonifanya nibaki na chuma changu ni fundi. Amplifaya ya Daraja AB, ya mtindo wa zamani kama yangu, ikiungua, mzee anaifungua, anaona transista, anabadilisha. Jozi ya Toshiba 2SC5200 na 2SA1943 utaipata Kampala bila shida, ingawa bandia zimejaa na inabidi ununue kwa mtu unayemwamini. Ubao wa Daraja D wenye vipande vidogo kama punje za ufuta ukifa, huku kwetu unatupwa. Ukiweza kununua viwili, kimoja kikae kabatini, hoja yangu inapungua nguvu sana.

Wengine huniuliza kwa nini nisinunue tu monita zenye amplifaya ndani, niondokane na yote haya. Ni swali la haki, na kwa mtu anayeanza bila chochote mara nyingi huo ndio ushauri wangu: kiwanda kimeshalinganisha amplifaya na spika, umemaliza. Kwangu mimi, spika na amplifaya vikiwa mbali mbali, kimoja kikiharibika Ijumaa ninaazima kingine na Jumamosi kwaya inarekodi.

Kuna wasiwasi mmoja unaonifikia sana, kwamba amplifaya ndogo huunguza twita. Udogo peke yake hauunguzi kitu. Kinachounguza ni mtu anayeendelea kufungua sauti baada ya amplifaya kufika mwisho wake. Hapo vilele vinakatwa vikawa bapa, wastani wa nguvu unapanda, na sehemu kubwa ya uchafu huo iko juu, kwa twita. Dawa yake ni kuisikia na kurudi nyuma. Ukisikia ngoma imepoteza ncha yake na sauti ya juu imekuwa kavu, rudi nyuma.

Na ile "damping factor" wanayoiandika 200, 500, elfu, yaani omu za spika zikigawanywa kwa upinzani wa ndani wa amplifaya, usiilipie. Kama amplifaya ina 200 kwa omu 8, upinzani wake wa ndani ni omu 0.04. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mita tatu kwenda na tatu kurudi, peke yake ni kama omu 0.04 nao, na koili ya spika yenyewe ina omu kadhaa. Zote hizo ziko kwenye njia moja, kwa hiyo tofauti kati ya 200 na 1000 inamezwa na koili. Nunua waya mnene kiasi hicho, laini wenye nyuzi nyingi usiovunjika ukikunjwa, urefu sawa kulia na kushoto. Wangu nilinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Kwenye kuunganisha: kama kadi yako ya sauti na amplifaya vyote vina njia ya balansi (ya waya tatu, inayofuta kelele za njiani), tumia hiyo. Ukisikia mlio wa "mmm" wa hezi 50, usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi ili kuuondoa. Kwenye nyumba nyingi za zamani pini hiyo haijaunganishwa popote, na fundi wa umeme ndiye wa kuitwa. Chomeka kompyuta, kadi na amplifaya kwenye ubao mmoja wa soketi, mara nyingi mlio unaisha. Na ile swichi ya "bridge" mgongoni, inayounganisha pande mbili za amplifaya ziwe moja, iache. Inadai spika zenye omu nyingi zaidi, na wewe unahitaji pande mbili.

Kuwasha: kompyuta kwanza, kadi ya sauti ya pili, amplifaya mwisho, nobu zikiwa chini. Kuzima kinyume chake, amplifaya ya kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kabla hujatafuta tochi, nyoosha mkono uzime amplifaya kwenye swichi yake, kisha uzime na soketi ukutani.